Kindle au kitabu cha karatasi? Hesabu mafaili yako kwanza

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na cha sita mkoani Tanga, na ninasoma shahada ya uzamili huku nikifanya kazi. Nina mafaili zaidi ya 200 kwenye simu: riwaya, diwani, makala, tasnifu za watu, vitabu vilivyopigwa skani. Macho yananiuma, na kila muhula fedha nyingi zinaishia stesheneri. Wenzangu wananishauri ninunue Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu pepe. Je, itanifaa kuliko karatasi, hasa ukizingatia umeme wetu wa kukatika-katika?

Mwalimu, pole na kazi na masomo. Jibu lako limo ndani ya hayo mafaili 200. Yapange kwa aina, uhesabu yanayoishia na .epub na yanayoishia na .pdf. Kisha fungua hizo PDF moja moja na ubonyeze neno lolote kwa kidole: likichagulika, faili lina maandishi, lisipochagulika, ulichonacho ni picha za kurasa. Ikiwa zaidi ya nusu ni EPUB au PDF zenye maandishi, kisomeo kitakulipa. Ikiwa nyingi ni picha, na kwa vitabu vya Kiswahili vinavyozunguka WhatsApp na Telegram mara nyingi ndivyo ilivyo, kisomeo cha inchi 6 kitakuudhi ndani ya wiki moja na utarudi stesheneri mfuko ukiwa umeshatoboka. (Nasema kisomeo kwa sababu Kindle ni ya Amazon tu, wapo pia Kobo, PocketBook na wengine.)

Sababu yake ni umbo la faili. EPUB ni kama uji: mimina kwenye bakuli lolote, utakaa kwa umbo la bakuli. Ukikuza herufi, maneno yanajipanga upya na kurasa zinaongezeka. PDF ni kama chapati: ukurasa umeshachomwa kwa kipimo chake, na ukitaka uingie kwenye chombo kidogo ni lazima uukunje au uukate.

Chukua rula. Kioo cha inchi 6 kina upana wa takriban sentimita 9 na urefu wa 12. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kuingiza ukurasa mzima wa A4 kwenye kioo hicho ni kuupunguza hadi asilimia 43, yaani tasnifu iliyochapwa kwa herufi za ukubwa wa 12 utaisoma kwa herufi za ukubwa wa 5. Hata kijana wa miaka 20 atakunja uso. Ukipunguza pambizo, sehemu yenye maandishi ina upana wa sentimita 17 hivi, na herufi zinapanda hadi 6 na nusu. Ukikilaza kisomeo kwa ubavu zinafika kwenye 8 au 9, ila sasa unaona kama nusu tu ya ukurasa kwa mara moja. Riwaya ya kawaida ya A5 ni nafuu: ukishakata pambizo, herufi hubaki kwenye 9, na 9 inasomeka bila shida. Kwa hiyo riwaya ya A5 iliyopigwa skani vizuri, isiyo na kivuli cha uti wa kitabu katikati, inaweza kukubalika. Tasnifu ya A4 haikubaliki, hata muuzaji aseme nini.

Zipo njia mbili za kuitibu PDF. Ya kwanza ni programu ya bure ya kompyuta iitwayo k2pdfopt. Yenyewe hukata picha ya ukurasa neno kwa neno na kuyapanga maneno upya kwa upana wa kioo chako, bila kuyatambua kama herufi. Inafanya kazi nzuri kwenye nathari iliyonyooka. Inaharibu majedwali, tanbihi, na ukurasa uliopigwa skani ukiwa umepinda.

Ya pili ni kuigeuza picha iwe maandishi. Programu ya Tesseract ina data ya Kiswahili, msimbo wake ni swa. Usipoichagua, itasoma kwa Kiingereza na kusahihisha maneno yako kwa ujuaji. Njia rahisi, kwa kompyuta, ni kupakia PDF kwenye Google Drive na kuifungua kama hati ya maandishi kwa Google Docs. Vyovyote utakavyofanya, tegemea makosa ya aina tatu. Herufi m husomwa rn, na Kiswahili kimejaa m, kwa hiyo utakuta rnwalirnu na rntoto; badilisha huku ukikagua moja moja, maana rn hutokea katika maneno machache ya Kiswahili, kama karne. Namba za kurasa na vichwa vya sura hujipenyeza katikati ya sentensi. Na kipashio cha ng' hupoteza kialama chake, au hupata kilichogeuka upande wa pili.

Hiki kialama kinastahili dakika moja, maana kitakusumbua hata kwenye EPUB nzuri. Kibodi yako hutoa alama iliyonyooka, lakini vitabu vilivyopangwa kitaalamu hutumia iliyopinda. Baadhi ya programu huziona hizo kuwa herufi mbili tofauti. Unatafuta ng'ombe katika riwaya ya wafugaji, kisomeo kinajibu kuwa hayumo. Tafuta «ombe», watajitokeza wote zizini.

Mashairi ndiyo mahali ambapo kisomeo kinashindwa waziwazi, na kwa kuwa unafundisha fasihi, hili ni lako hasa. Mshororo wa mizani 16 kama «Kitabu nakithamini, nikisome nielewe» una herufi, nafasi na mkato jumla 36. Kwenye kioo cha inchi 6, kwa herufi za wastani, unaingia kwa shida. Ongeza ukubwa hatua mbili na neno la mwisho linaangukia mstari wa chini. Ubeti wa mistari minne unaonekana una minane, vina vya kati na vya mwisho vinapotea machoni. Ikiwa diwani ilichapwa ukwapi na utao katika safu mbili zilizotenganishwa kwa nafasi, na faili limetokana na skani, programu inaweza kusoma safu yote ya ukwapi kuanzia juu hadi chini, kisha ndipo ishuke na utao. Hapo hakuna ubeti tena. Diwani nunua za karatasi.

Sasa nathari ndefu, maana huko kisomeo hakina mshindani. Macho yako yanaumwa kwa simu kwa sababu unakodolea taa inayokuangalia, mara nyingi gizani, kwa herufi ndogo. Kioo cha wino wa kielektroniki hakitoi mwanga wake chenyewe. Ndani yake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na chembe nyeusi za chaji tofauti. Umeme ukipita, nyeupe hupanda juu au nyeusi hupanda, na zikishapanda hubaki hapo bila kutumia umeme zaidi. Unausoma kwa mwanga wa jua au wa taa ya chumbani kama unavyosoma karatasi, na jua la saa saba mchana barazani linakuongezea uwazi, wakati kwenye simu hapo huoni ila uso wako mwenyewe. Aina zenye taa, kama Kindle Paperwhite tangu 2012, huwa na balbu ndogo ukingoni zinazomulika uso wa kioo, hazikumuliki wewe. Teknolojia hii ilitokana na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa 1997 na watu wa chuo cha MIT kule Marekani, na karibu kila kisomeo unachokiona dukani kinatumia vioo vyake, chapa yoyote kiwe nayo.

Kuhusu umeme, usiwe na hofu, ila yasome matangazo kwa makini. Amazon ikisema betri ya Kindle ndogo ya 2022 inakaa wiki 6, hesabu yake ni nusu saa ya kusoma kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa na taa ikiwa kwenye ngazi ya 13. Hiyo ni saa 21. Ukisoma saa mbili kila usiku, utachaji baada ya siku kumi. Paperwhite ya 2021, iliyotangazwa kwa wiki 10, ni saa 35, yaani siku 17. Betri zenyewe ni ndogo, kati ya mAh 1,000 na 2,000, hivyo pawabenki ya 10,000 hukijaza mara kadhaa, na sola ya taa za nyumbani yenye tundu la USB inatosha. Kindle haiji na kichwa cha chaja. Cha simu yako chafaa. Zima mtandao muda wote usipokuwa unapakua kitabu, maana ndio unaokula betri usiku.

Uzito nao si jambo dogo ukisoma umelala. Riwaya ya A5 ya kurasa 400 kwenye karatasi ya gramu 80 ina uzito wa karibu nusu kilo bila jalada. Kindle ndogo ina gramu 158, uwe umepakia kitabu kimoja au elfu moja. Faili la EPUB la riwaya isiyo na picha aghalabu halifiki MB 2, na kifaa kina GB 16.

Ukishaingiza vitabu vya Kiswahili, kuna marekebisho ambayo hakuna atakayekufanyia. Kila EPUB hubeba lebo ya lugha, na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotengenezwa kienyeji vimeachwa na lebo ya Kiingereza. Kisomeo kinaiamini lebo hiyo na kukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Neno wanafunzi linaweza kukatwa wanaf-unzi. Dawa ni programu ya Calibre, ya bure, kwenye kompyuta. Ongeza kitabu, kiteue, bonyeza herufi E, na kwenye sehemu ya lugha weka Swahili. Bonyeza C ukigeuze kuwa AZW3 kwa ajili ya Kindle, au EPUB kwa Kobo, ili lebo mpya iandikwe ndani ya faili. Chomeka waya, bonyeza D, kitabu kinahamia kwenye kisomeo. Kisha kwenye mpangilio wa maandishi wa kisomeo chagua mistari ianzie kushoto bila kulazimishwa kufika ukingo wa kulia. Maneno yetu ni marefu. Yakilazimishwa kujaza mstari bila kukatwa, yanaacha mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya. Usipotaka Calibre, tumia huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye kifaa, ambayo tangu 2022 inapokea EPUB na kuigeuza yenyewe: kwa baruapepe mwisho ni MB 50, kwa tovuti MB 200. Baruapepe unayotumia lazima kwanza uiandikishe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa ndani ya akaunti yako. Faili lisipofika, tisa kati ya kumi kosa liko hapo. Kobo haina mlolongo huu, unanakili EPUB kama unavyonakili wimbo.

Kamusi ni udhaifu mwingine. Msomaji wa Kiingereza hugusa neno na maana ikaja. Kamusi ya Kiswahili haimo miongoni mwa zile zinazokuja na Kindle, na hata ukiweka ya kwako, kamusi hutafuta neno kama lilivyoandikwa. Gusa «hawakutupatia» nayo itatafuta chini ya H, wakati wewe wajua kuwa mzizi ni pat. Kwa vitenzi vyetu endelea kuweka kamusi ya karatasi mezani.

Kwa uzamili wako, kisomeo kina zawadi moja na mtego mmoja. Zawadi: kila ulichopigia mstari kwenye Kindle kinaandikwa katika faili la maandishi matupu liitwalo My Clippings.txt, ndani ya folda ya documents. Chomeka waya, linakili, una dondoo zako zote bila kuandika upya. Mtego: dondoo hizo mara nyingi hazina namba ya ukurasa. Faili uliloligeuza mwenyewe lina namba za mahali tu, zisizolingana na nakala ya mtu mwingine yeyote. Msimamizi wako atataka ukurasa. Basi hifadhi PDF ya asili kwenye kompyuta, utafute sentensi humo ndipo uandike rejeo. Darasani nako ni vilevile: ukisema «fungueni ukurasa wa 47», wewe hutakuwa na ukurasa wa 47. Vitabu teule vya mtihani viwe vya karatasi, tena nakala ileile waliyo nayo wanafunzi.

Kuna pia suala la kuelewa. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 na kuona kwamba wasomaji wa karatasi walielewa vizuri kidogo kuliko wa kioo, hasa kwenye maandishi ya maelezo na pale muda ulipokuwa wa kubana. Kwenye hadithi hawakuona tofauti hiyo. Vioo vingi katika tafiti hizo vilikuwa vya kompyuta, kwa hiyo usivihukumu visomeo kwa hilo peke yake. Lakini 2019 Anne Mangen na wenzake walilinganisha Kindle na kitabu kwa hadithi moja ndefu: uelewa wa jumla ulifanana, ila waliosoma kwa Kindle walikuwa dhaifu kupanga matukio kwa mfuatano wake. Karatasi inakupa alama za mwili: lilikuwa upande wa kushoto, chini, karibu na mwisho. Kwa nadharia nzito unayorudi kurasa 30 nyuma kila dakika tano, karatasi inashinda. Na kisomeo ni kizito kuruka-ruka kurasa.

Halafu, ukinunua kitabu pepe dukani mwa Amazon, umenunua ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya za George Orwell kwenye vifaa vya watu waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vyote vikatoweka, fedha zikarudishwa. Kitabu cha karatasi unaazimisha, unarithisha, unampa mwanafunzi aliyemaliza. Na kwa kuwa umetaja mafaili: riwaya za Kiswahili za waandishi walio hai zikisambazwa bure Telegram, mwandishi hapati senti. Nunua hizo. Vya halali vya bure vipo. Hadithi za African Storybook zina leseni huria, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni ya vitabu vya kiada.

Kabla ya kutoa fedha, weka ReadEra, programu ya kusomea vitabu, kwenye simu, chagua riwaya moja ya EPUB, uimalize. Ukishindwa kuimaliza kwa sababu ya macho, kisomeo kitasaidia. Ukishindwa kwa sababu kila dakika unachungulia ujumbe, kitasaidia zaidi. Ukishindwa kwa sababu hupendi tu kusoma hivyo, umeokoa fedha. Ukiamua kununua, inchi 6 au 7 kwa riwaya. Za inchi 10.3 zina kioo chenye ukubwa unaokaribia A5, na tasnifu ya A4 humo hushuka hadi herufi 9, lakini bei yake mara nyingi ni mara tatu ya ile ndogo.

Kikiwa cha mtumba, dai dakika kumi za kukikagua. Fungua mipangilio uone kimesajiliwa kwa jina la nani. Muuzaji akifute usajili mbele yako, asipoweza, weka chini uondoke, maana kilichoripotiwa kuibwa Amazon hukizuia kusajiliwa. Angalia ukurasa mweupe kisha wenye picha nyeusi, ukitafuta mistari isiyotoka. Kivuli hafifu cha ukurasa uliopita ni kawaida, huondoka kioo kikijisafisha. Washa taa hadi mwisho mahali penye giza uone mabaka. Chomeka waya, unakili faili moja, uhakikishe linafunguka. Tundu lililolegea ni ugonjwa wa wengi.

Kinachoviua zaidi ni mgandamizo. Chini ya kioo kile laini kuna bamba jembamba la glasi, na likipasuka, nusu ya ukurasa huganda milele huku uso wa juu ukiwa haujakwaruzika. Mradi wa Worldreader wa kugawa visomeo shuleni Ghana, ulioanza 2010, ulishuhudia takriban asilimia 40 ya visomeo vikiharibika. Kioo kipya pamoja na ufundi hukaribia bei ya kifaa. Kava gumu linalofunika mbele si pambo. Na usikiweke kwenye mkoba pamoja na funguo au madaftari 45 ya kusahihisha. Amazon inataja nyuzi 0 hadi 35 kama joto la kukitumia, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Tanga hupita hapo mapema asubuhi. Likizo ndefu kiache na chaji nusu, kisikauke kabisa.

Ile tasnifu ya A4 inayobaki, mwambie kijana wa stesheneri achape kurasa mbili kwa upande mmoja, pande zote mbili za karatasi. Kurasa 200 zinakuwa karatasi 50, na herufi za 12 zinashuka hadi 8 na nusu tu. Abaindi kwa spirali upande mfupi, ili ikae wazi mezani yenyewe wakati unaandika.